Re: Ripoti za serikali za tasnifu nazipata wapi?

Mkuu, umesema ukigugo ripoti za wizara unaletewa habari za magazeti tu. Jaribu hivi: andika mada yako, ongeza site: na kikoa cha serikali ya nchi husika bila kuacha nafasi (mfano site:gov.uk kwa Uingereza), halafu filetype:pdf, hapo magazeti yote yanapotea zinabaki nyaraka zenyewe.

Ila usiishie kwa ripoti ya wizara, maana wizara inajisifia bwana. Tafuta na ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya mwaka huohuo uzisome pamoja, zikipishana ndo tasnifu yako inaanzia hapo. Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge) nayo ni dhahabu, mbunge anauliza swali waziri anajibu kwa takwimu ambazo pengine huzikuti kwingine.

Vitu vya zamani vingi haviko mtandaoni, nenda ofisi ya nyaraka za taifa umwombe mhifadhi katalogi, na ujue mafaili mengine yanafungwa miaka kadhaa, Uingereza ilikuwa 30 wakashusha hadi 20.

Afu kila PDF daunlodi kabisa na uandike namba ya waraka na tarehe, linki za serikali zinakufa wakibadilisha tovuti.