Jua la Mikindani halisafiri na mtu

Mama mmoja wa Mikindani ameniandikia juu ya binti yake aliyeko Glasgow, Uingereza, mwaka wa pili sasa. Mapaja yanamuuma, ngazi anapanda kwa kujivuta na mkono, akichuchumaa hainuki bila kushika kitu. Kipimo cha vitamini D katika damu kimesoma 18. Mama anauliza: mtoto aliyekulia pwani, akishinda juani kutafuta pweza maji yakipwa, vitamini D inamwishiaje? Na je, amtumie korosho?

Shikamoo, mama. Hilo la jua ndilo linalotudanganya wengi huku kusini. Ngozi haitengenezi vitamini D kwa joto wala kwa mwanga wowote tu. Inataka mionzi ya urujuanimno iitwayo UVB, nayo hufika ardhini vya kutosha pale jua linapokuwa juu. Tazama kivuli chako: Mtwara saa sita mchana, hata mwezi Juni, ni kifupi kuliko kimo chako. Glasgow mwishoni mwa Desemba, jua likifika juu kabisa, kivuli kinazidi kimo mara tano. Jua lipo, linakupiga machoni, ila UVB imeshachujwa na hewa njiani. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi hali ni hiyo. Kuota jua nyuma ya dirisha nako ni bure hata kiangazi, maana kioo huizuia.

Ngozi nyeusi ni kinga njema huku kwetu, lakini inahitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kilekile. Ongeza koti, mtandio na zamu za usiku. Akiba aliyoondoka nayo ni ya miezi, si ya miaka. Kwa hiyo tuache kuwaambia watoto wetu kwamba Mmakonde haishiwi jua. Maneno hayo ndiyo yanayowachelewesha kwenda kupima.

Sasa hiyo 18. Ni 18 ya nini? Uingereza hupima kwa nanomoli kwa lita: chini ya 25 ni upungufu, kuanzia 50 inawatosha watu wengi. Ripoti nyingine hutumia nanogramu kwa mililita, na hizo huzidishwa kwa 2.5. Kwa hiyo 18 ya aina ya pili ni 45 ya kwanza, pungufu kidogo tu. Aombe karatasi yenye kizio.

Ikiwa ni 18 ya Uingereza na dalili ndizo hizo, tiba ya kawaida kwa mtu mzima ni vitamini D3 inayofikia yuniti 300,000 hivi kwa jumla: 50,000 mara moja kwa WIKI kwa wiki 6, au 4,000 kila siku kwa wiki 10. Hapa ndipo pa kuangalia sana. Kidonge cha wiki kikimezwa kila siku, kalsiamu hupanda katika damu: kiu kali, mkojo mwingi, kichefuchefu, choo kigumu, hata kuchanganyikiwa. Yuniti na mikrogramu nazo huchanganywa. Mikrogramu 1 ni yuniti 40, basi mikrogramu 10 ni yuniti 400. Achague siku moja, tuseme Ijumaa, ameze baada ya mlo wenye mafuta.

Daktari apime kalsiamu kabla, na tena mwezi mmoja baada ya dozi kubwa. Aambiwe pia kama binti amewahi kuwa na mawe ya figo, ana kifua kikuu, au anatumia rifampisini au dawa za kifafa kama fenitoini, kwani dawa hizo huimaliza vitamini D upesi.

Tafadhali msimtumie vidonge vya kalsiamu vyenye vitamini D kidogo ndani. Ili afikie dozi ya tiba atameza kalsiamu kupita kiasi.

Maumivu ya misuli huanza kupungua baada ya wiki kadhaa, mifupa huchukua miezi. Wengi wakipata nafuu wanaacha, na baridi inayofuata wanarudi palepale. Dozi ikiisha, aendelee na yuniti 800 hadi 2,000 kila siku kadiri atakavyoelekezwa, asivuke 4,000 kwa uamuzi wake. Mwenye ngozi nyeusi hushauriwa kumeza angalau 400 mwaka mzima, kiangazi kikiwemo.

Akijifungua huko na kunyonyesha, mtoto apewe matone ya mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno, na matege huanza hivyo.

Korosho mtumie, mama, ale na kukumbuka nyumbani, lakini vitamini D haimo. Kwa chakula, anunue hukohuko samaki wa mafuta: jamii ya vibua, dagaa wa kopo, samoni. Mara mbili kwa wiki inasaidia, ila vidonge asiviache.