Jibu: Kambi ya filamu ya vijana, sauti inamezwa na upepo Kibirizi

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: vijana 14, simu 3, kambi ya siku 5 likizo hii ya Juni, na kila mnachorekodi mwaloni Kibirizi (hapo ziwani, Kigoma) maneno hayasikiki.

Usikimbilie kununua maiki. Angalia kwanza simu iko umbali gani na mdomo. Sisi hapa Ujiji tulisimama hatua sita, tukaambulia vuuu na injini ya boti. Tulichofanya, simu ya pili tukaivalisha soksi nene, tukaificha ndani ya tenga tupu la dagaa, shubiri tatu kutoka kwa mwigizaji, ikarekodi sauti tu. Mtu apige kofi moja mbele ya kamera kabla hamjaanza. Wakati wa kuhariri unalinganisha kofi la picha na la sauti. Simu zote ziwe hali ya ndege (yetu ilipigiwa na mama yake binti katikati ya kilio, tukarudia scene nzima).

Rekodini asubuhi mapema ziwa likiwa limetulia. Na 4K (video ya ubora wa juu sana) achaneni nayo: pikseli zake, yaani vidoti vinavyounda picha, ni mara 4 ya 1080p (Full HD), simu zitajaa kabla ya chai ya saa nne.

Droni uliyoulizia sijawahi kuigusa, wengine watakujibu.