Maswali na Majibu: Nikeli za madirisha zina madoa na moja imepinda, nizitoe vipi?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Cressida ya miaka ya 1980, niko Mikindani. Nikeli (vipande vya kung'aa vya pembezoni) za chini ya vioo vya milango zimepata vidoa vya rangi ya chungwa, na zile za kuzunguka kioo cha mbele zina mabaka meupe yasiyotoka kwa kuosha. Kijana mmoja alijaribu kutoa ya mlango wa nyuma kwa bisibisi, ikapinda karibu na kona. Wapo wanaoniambia nisugue kwa majivu, wengine Coca-Cola, wengine dawa ya meno. Nizitoe vipi bila kuziharibu, na zinaweza kung'aa tena?

JIBU

Ndugu yangu, hayo madoa yameshakwambia jambo moja: una metali mbili kwenye gari moja. Mitaani zote tunaziita nikeli, ila kuna za stenlesi, kuna za alumini yenye tabaka gumu la kinga, kuna za chuma kilichochovywa kromu, na kwenye gari za karibuni kuna plastiki ya kromu. Vidoa vya chungwa vya juu juu ni tabia ya stenlesi iliyokaa na chumvi ya bahari. Mabaka meupe kama chokaa ni alumini. Hakikisha kabla hujashika msasa, maana kinachoponya moja kinaua nyingine.

Sumaku inasaidia nusu tu, kwa kuwa kuna stenlesi inayovutwa na isiyovutwa. Ikivutwa, walau unajua si alumini. Sasa utazame uso: ukiwa na malengelenge na kubanduka kama ganda, hiyo ni kromu. Usiipige msasa, tabaka lake ni jembamba mno. Inachovywa upya au inabadilishwa. Isipovutwa, subiri uitoe kwenye gari, kisha dondoshea maji ya kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, upande wa nyuma (kipimo na tahadhari nitazitaja chini) usubiri dakika chache. Alumini itatoa mapovu, stenlesi itakaa kimya. Ukimaliza suuza.

Kuzitoa za milango

Osha gari, kisha liache juani mpaka mpira na plastiki za klipu zilainike. Asubuhi ya baridi klipu kavu zinakatika kama biskuti. Shusha kioo mpaka chini, bandika tepu ya karatasi kwenye rangi yote inayopakana na nikeli, halafu fungua mlango utazame ncha zake. Gari nyingi za Kijapani zina skrubu au riveti kwenye ncha, mara nyingi upande wa nyuma wa mlango, imefichwa na mpira. Kijana wako huenda alivuta bila kuitoa hiyo, na ndiyo maana nikeli imekunjika karibu na kona. Skrubu iliyoshikwa na kutu itie mafuta ya kulegeza, iache usiku kucha, kesho iweke bisibisi inayoenea vizuri uigonge kidogo kabla ya kuzungusha. Mafuta ya breki usiyakaribishe hapo, yanababua rangi.

Bisibisi si kifaa cha kutolea nikeli. Chonga kabari mbili za mwanzi au mninga, bapa, upana wa vidole viwili. Kwanza pitisha kipande chembamba cha plastiki chini ya nikeli ili uhisi klipu ziko wapi, kila moja uiwekee alama kwenye tepu. Kabari inaingia pale penye klipu, siyo katikati ya klipu mbili. Nyanyua milimita 3 hadi 5, nenda klipu ya pili, ya tatu, kisha urudi mwanzo. Nikeli za chini ya kioo hunyanyuliwa kwenda juu. Ukizivuta kuja kwako zinakunja mdomo, na mdomo ukishakunjika haushiki tena kioo. Uwe na mtu wa kushika ncha iliyokwisha kutoka. Nikeli inayoning'inia hujikunja yenyewe kwenye klipu ya mwisho kwa uzito wake.

Ikishatoka ilaze juu ya ubao ulionyooka na uandike nyuma yake: kushoto au kulia, mbele au nyuma.

Za kioo cha mbele

Hapa tulia. Kama nikeli imechomekwa ndani ya mpira wa kioo, kama zilivyo kwenye Mercedes-Benz W123 na gari nyingi za zamani, usijaribu kuichomoa kioo kikiwa mahali pake. Itapinda, na nguvu ikiangukia ukingo wa kioo, kioo kitapasuka. Kinatolewa kioo pamoja na mpira, nikeli inatolewa mezani. Kama umri wa mpira ni ule wa gari, nunua mpira mpya kabla hujaanza.

Kama nikeli imeshikwa na klipu zilizofungwa kwenye bodi, toa kwanza vipande vidogo vinavyofunika maungio. Hivyo huteleza pembeni. Halafu unahitaji kijiti chembamba chenye ndoana. Chukua bleidi kuukuu ya msumeno wa chuma, inoe mpaka ibaki ndoana fupi mwishoni, kingo zote uzilainishe. Ipitishe chini ya nikeli, ipeleke pembeni mpaka inase klipu, vuta taratibu: klipu inaachia na nikeli inanyanyuka yenyewe.

Kunyoosha iliyopinda

Bati la nikeli nyingi lina unene wa milimita 0.5 hadi 0.8. Stenlesi kadiri unavyoikunja na kuikunjua ndivyo inavyozidi kuwa ngumu, kisha hupasuka. Kwa hiyo usiinyooshe kwa pigo moja wala kwa koleo.

Unahitaji fuawe ndogo yenye umbo la ndani la nikeli, na kwenu hilo si tatizo. Wachonga vinyago wa Kimakonde hawakosi masalia ya mpingo, na mpingo ni mgumu na mzito kiasi cha kubeba kazi hii bila kubonyea. Chonga kipande cha sentimita 10 hivi kinachoingia vizuri nyuma ya nikeli, ukisugue kwa msasa mpaka kiteleze. Gonga kwa nyundo ya gramu 100 hadi 200, mapigo mengi mepesi, ukianzia pembeni mwa bonyeo na kuingia katikati. Ukishaona linakaribia kunyooka, paka wino wa kalamu ya alama usoni, kisha pitisha msasa namba 320 uliozungushiwa kibao. Palipoinuka wino unatoka kwanza, palipobonyea unabaki. Rudia mpaka wino utoke sawasawa. Tupa, kile kifaa cha kukwangulia chuma, ni kwa mafundi wenye mkono mwepesi sana. Unene huo hauna akiba.

Kung'arisha stenlesi

Vidoa vya chungwa peke yake havihitaji msasa. Paka maji ya ndimu kwa dakika 10 hadi 15, sugua kwa kitambaa laini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha karibu na ufuo yana chumvi, utakuwa unarudisha ulichokitoa. Tumia ya mvua au ya bomba. Stiliwaya ya kusugulia masufuria isiguse hapo. Inaacha chembe za chuma ambazo wiki ijayo ni vidoa vipya. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nayo inatoboa stenlesi vitundu.

Penye mikwaruzo, na hapo ulipogonga, tumia msasa wa maji: 320 penye majeraha tu, kisha 400, 600, 800, 1000, 1500. Kila namba isugue kwa mshazari kidogo tofauti na iliyotangulia ili uone mikwaruzo ya nyuma imekwisha. Ukiruka namba, mng'aro utakuja na mistari ndani yake, na utalazimika kurudi mwanzo.

Mwisho ni gurudumu la kitambaa cha pamba, milimita 150, kwenye mashine ya kunolea ya mezani inayozunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, pamoja na sabuni ya kijani ya kung'arishia (kipande kigumu cha dawa ya kung'arisha metali, siyo sabuni ya kufulia). Grainda ya mkono inazidi mara 10,000, na kitambaa hakikutengenezwa kwa kasi hiyo. Funga nikeli juu ya ubao kwanza. Gurudumu hupenda kunasa ukingo na kurusha nikeli kwa nguvu ya kukata mtu. Sugulia nikeli kwenye sehemu iliyo chini ya katikati ya gurudumu, gurudumu likizunguka kuelekea kutoka kwenye ukingo wa nikeli, kamwe lisielekee kuingia. Vaa miwani, na mikono mirefu ya shati iondoke. Isogeze bila kusimama. Stenlesi ikipata joto sana inageuka samawati.

Alumini ni kazi nyingine

Hayo mabaka meupe yako chini ya tabaka la kinga, kwa hiyo tabaka lote litolewe. Tia gramu 50 za kostiki soda kwenye lita 1 ya maji baridi. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, usigeuze. Chombo kiwe cha plastiki, uwe nje penye hewa, pasipo moto, kwa kuwa mapovu yake ni haidrojeni inayowaka. Glavu za mpira na miwani ni lazima. Ikikurukia, mimina maji mengi palepale. Pakaza kwenye nikeli iliyotolewa, kamwe siyo ikiwa kwenye gari. Mapovu yakitoka sawasawa uso mzima, suuza sana na ufute weusi uliobaki. Fuata misasa ileile kuanzia 400, umalizie kwa 2000, kwa mkono mwepesi maana ni laini, kisha sabuni ya kahawia kwenye gurudumu lake peke yake.

Alumini iliyobaki tupu haidumu na upepo wa bahari wa Mikindani. Ipake kliya (rangi angavu ya juu) ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha), au ukubali kuipaka nta kila mwezi.

Na yale uliyoambiwa: majivu yenye maji ni dawa kali kwa alumini, yanafifisha tabaka la kinga. Coca-Cola ina asidi kidogo, itaondoa kidoa chepesi cha kutu lakini haigusi mkwaruzo. Dawa ya meno haidhuru, wala haisaidii kitu kikubwa.

Kabla ya kurudisha

Hapa ndipo gari linapookoka au kuoza, na ndipo wengi wanapopita haraka. Stenlesi ikigusana na chuma kitupu cha bodi, na maji ya chumvi yakiwa katikati, bodi ndiyo inayoliwa. Kwa alumini ni kinyume, alumini ndiyo inayoliwa. Kila tundu la klipu likwangue mpaka chuma king'ae, paka praima ya epoksi, kisha rangi mikono miwili, ikauke kabisa. Klipu za chuma zilizoshika kutu tupa, nunua mpya na tano za ziada. Kwenye matundu ziba kwa gundi ya poliurethani. Silikoni yenye harufu ya siki inaamsha kutu kwenye chuma. Mpira uteleze kwa maji ya sabuni, siyo grisi.

Bonyeza kwa kiganja juu ya kila klipu mpaka usikie mlio. Ile iliyopinda, ikiwa mkunjo umepita kwenye mdomo unaoshika klipu, haitashika hata ukiinyoosha. Tafuta nyingine kwa wauza vipuri vya gari zilizokatwa, nenda na ya zamani mkononi ulinganishe, na utaje upande: ya kushoto haikai kulia.