Re: Tissot PRX au Hamilton Khaki kwa kuvaa kila siku?
Salama mkuu. Kwa hiyo unatafuta saa ya mkononi ya kila siku, na umekwama kati ya Tissot PRX ya otomatiki (inayojijaza yenyewe mkono ukitikisika) na Hamilton Khaki Field ya kutia ufunguo (unaijaza mwenyewe kwa kuzungusha kitufe), na kazini unashika maji kutwa. Angalia hapo kwanza: kwa kuhimili maji, PRX imeandikwa mita 100, Khaki mita 50. Mimi ningechukua PRX. Zote zina kioo cha safaya (kigumu kuchubuka), na zikijaa hutembea kwa muda wa saa 80 bila kujazwa tena. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inakwenda.

Ila pima mkono. PRX ipo ya milimita 40 na 35. Mimi nilikimbilia 40, ikawa inagonga kila mlango (mkono wangu mwembamba). Kama hutaki habari za kujaza, chukua PRX ya betri, bei yake pia iko chini. Za bei kubwa zaidi sijawahi kuvaa.