Sindano za mama nizitupe wapi?

SWALI: Shikamoo Nesi. Mama anajichoma insulini nyumbani, Tandika. Sindano natupa kwenye mfuko wa taka. Jana mzoa taka kachomwa kidole. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huyo kijana aende kituo cha afya leo hii: dawa za kinga ya VVU, akionekana anazihitaji, huanzwa ndani ya saa 72, na aulizie homa ya ini B. Sindano usiirudishie kifuniko. Itumbukize moja kwa moja kwenye galoni gumu la plastiki. La jiki linafaa sana, chupa ya maji hutoboka. Andika "SINDANO". Likifika robo tatu, lifunge, kaulize zahanati mnayochukulia dawa kama watalipokea. Chooni usitupe, wanyonya shimo watachomwa vilevile.