Kumchukua Great Dane aliyeko kwa mlezi wa muda

Ndugu, umeuliza kama huyo mbwa mpole wa aina ya Great Dane, aliyeko kwa mlezi wa muda (anayemtunza hadi apate nyumba ya kudumu), anafaa nyumba yenye mtoto mdogo. Nenda ukamwone, na umpeleke mtoto. Uzuri ni kwamba mlezi ameishi naye ndani: muulize anafanyaje akiguswa wakati anakula, au akibaki peke yake. Mtoto akimkaribia, mtazame mbwa. Akilamba midomo, akigeuza uso na kuonyesha weupe wa jicho, ana wasiwasi, hata kama hangurumi. Na usiwaache wawili peke yao. Dume hufikia kilo 60 na zaidi, mkia tu unaweza kumwangusha mtoto.

Ninalokusihi zaidi ni tumbo. Mbwa wenye kifua kirefu namna hii, tumbo huweza kujaa gesi na kujipinda. Mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku, na asikimbiekimbie baada ya kula. Ukiona tumbo limevimba, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kidai kabla ya kusaini chochote.