Singeli inakukera? Taarab inakuletea usingizi? Jaribu kusikiliza hivi

Mkuu, umeuliza utaachaje kuchukia singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar, wakati kila ukiisikia kichwa kinagonga. Mwenzako akadakia kwamba kwake yeye isiyovumilika ni taarab asilia. Nawajibu wote wawili kwa pamoja, maana ugonjwa ni mmoja: kila mtu anautaka muziki ule umpe kitu ambacho haukuja nacho. Aliyezoea dansi anangoja gita la solo liingie na sebene ifunguke. Kwenye singeli halipo, basi anasema ni kelele tupu. Aliyekulia kwenye Bongo Fleva anangoja kiitikio ndani ya sekunde 40, na kwenye taarab asilia sekunde hizo 40 fidla ndio kwanza zinaamkiana.

Nianze na singeli, ndiyo yenye ufundi mwingi wa kufungua.

Singeli nyingi huenda kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Chukua 240: hayo ni mapigo manne kila sekunde. Sikio likijaribu kulifuata kila moja linachoka kabla wimbo haujafika katikati, na hapo ndipo watu wanaposhika kichwa. Usiyafuate yote. Piga kofi moja kwa kila mapigo manne, utajikuta kwenye makofi 60 kwa dakika, mwendo wa mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani. Ukitaka kupima wimbo mwingine, washa saa ya simu, piga makofi hayo kwa sekunde 15, zidisha mara 4 upate ya dakika nzima, kisha zidisha mara 4 tena. Makofi 15 maana yake 240. Makofi 13 maana yake 208. Ukishalishika kofi, mwili unatulia juu yake na mapigo yale ya haraka yanageuka kuwa kama mchanga unaopepetwa chini: upo, unausikia, lakini haukudai chochote.

Likikushinda hilo, punguza kasi. Fungua wimbo YouTube, nenda kwenye mipangilio, chagua kasi ya 0.75, usikilize dakika mbili, halafu 0.5. Wimbo wa 240 unakuwa wa 120, na sauti haishuki kuwa nzito kwa sababu programu inaishikilia palepale. Kwenye 0.5 ngoma zitasikika zimechanika-chanika. Hilo ni kosa la kuvuta sauti kwa kompyuta, usimlaumu prodyuza. Unachokitafuta ni kile kipande kinachojirudia. Kisikilize kinarudi baada ya makofi mangapi: 4, 8, au 16. Kisha tega sikio kwenye kinachobadilika huku kipande kikibaki vilevile: ngoma inayokatwa ghafla, king'ora, MC anayevuta pumzi na kuingia nusu hatua kabla ya zamu yake. Kwenye singeli utamu umewekwa kwenye mabadiliko hayo. Anayengoja melodia ipande na kushuka atangoja mpaka asubuhi.

Na mara nyingi kipande chenyewe utakitambua. Muziki huu umekulia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, vya uswahilini Dar, kama Manzese na Tandale, nyuma yake kukiwa na mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia, wa vinanda vidogo vya Casio na spika za honi. Madijei walichukua vipande vya mwanzo vya nyimbo za taarab, wakavizungusha, wakaviongeza kasi, MC akachana juu yake. Ndiyo maana nacheka kidogo nikiona mpenzi wa taarab anaitukana singeli: anamtukana mjukuu wake.

Ule mlio mwembamba wa singeli, kama sauti za katuni, nao una hesabu yake. Ukikimbiza rekodi mara moja na nusu bila kufunga kimo cha sauti, kila noti inapanda nusu-toni 7 (nusu-toni ni hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata). Ukikimbiza mara mbili, inapanda 12, yaani oktavu nzima. Akodiani inakuwa filimbi na mwanamume mzima anakuwa mtoto. Kitufe cha kuzuia hilo kipo kwenye programu za madijei, kwa hiyo anayekiacha wazi anajua anachokifanya.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kusikilizia spika ya simu. Spika ile chini ya hezi 200 hivi inatoa kidogo mno, kwa hiyo besi na kiki, yaani ngoma nzito ya chini, vinapotea, unabaki na milio ya juu peke yake, ambayo ndiyo inayokera. Ongeza faili lililobanwa na kupita mikononi mwa watu kumi kwenye WhatsApp, hapo hata mimi sistahimili. Tumia hedifoni za kufunika sikio au redio yenye spika ya besi, na sauti uiweke ya wastani. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na muziki wa kasi humshawishi mtu aongeze sauti bila kujijua.

Halafu jiulize kwa ukweli: ni singeli unayoichukia, au ni kigodoro cha jirani kilichokunyima usingizi hadi saa kumi na moja alfajiri? Hilo la pili ni la mjumbe wa mtaa. Vivyo hivyo na matusi kwenye mashairi: ukiyakataa upo sawa kabisa. Tafuta nyimbo zisizo nayo, au zile za ala tupu. Ila mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 usiuanze siku ya kwanza, ule ni pilipili kichaa. Anza na mwimbaji wa singeli Msaga Sumu.

Sasa wewe wa taarab asilia. Shida yako ni kinyume: unangoja biti, na kumbe kinachotembea pale ni shairi. Tafuta maneno kwanza, uyasome kabla ya kusikiliza. Mstari wa kawaida una vipande viwili vya mizani nane nane. Chukua huu nilioutunga sasa hivi kwa mfano:

Usinicheke mwenzangu, mambo yana siku yake

Hesabu kwa vidole: u-si-ni-che-ke-mwe-nza-ngu, nane, ma-mbo-ya-na-si-ku-ya-ke, nane. Kina cha kati ni "ngu", cha mwisho "ke", na mistari inayofuata katika ubeti lazima iviheshimu. Ukishajua hivyo, ule "ucheleweshaji" unapata kazi: mwimbaji anakunyima kina makusudi, fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi za kudonolewa) zinajibu, halafu anakiachia. Jiulize pia mstari unampiga nani. Ukumbini mtu akiinuka kwenda kutunza kwenye mstari fulani, noti ile mkononi inasema jambo, na mlengwa huwa amekaa meza ya tatu anajifanya kuchezea simu.

Wengine hukwama kwenye sauti, wanasema "mbona kama anakosea?" Kwenye maqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) kama Rast na Bayati kuna noti zinazoangukia katikati ya zile za kinanda cha kawaida, robo-toni. Sikio lililolelewa na kinanda linazisikia kama zimepinda. Dawa yake ni taksimu, yaani upigaji wa kubuni papo hapo, ya udi au kanuni, dakika mbili au tatu, ala moja tu, bila ngoma. Irudie hiyohiyo hadi uweze kuifuatiza kwa mdomo uliofumba. Baada ya hapo vikundi vya taarab vya Zanzibar kama Ikhwani Safaa (kilichoanzishwa 1905) au Culture Musical Club (1958) havitasikika kwako kama vimepishana. Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarab wa zamani, alirekodi Bombay kuanzia 1928, na sahani za enzi zile zilibeba kama dakika tatu kila upande, kwa hiyo nyimbo ni fupi. Ukiweza kuvumilia ule mkwaruzo, ni mlango mzuri kwa asiye na subira.

Kuhusu kipimo cha kusikiliza: nyimbo tatu tu, zilezile, dakika kumi kwa siku, siku ya 1, ya 2, ya 4 na ya 7. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara huongeza kukipenda. Lakini usijilazimishe. Kitu kilichokwisha kukuudhi ukikirudia kwa kukunja uso, chuki inaweza kuongezeka. Ukianza kukereka, zima palepale, rudi kesho. Wala usisikilize ukiwa na rafiki wa kucheka naye, maana mtamaliza wimbo mzima mkisikilizana wenyewe.

Wiki mbili zikipita bila kitu, hama kwa jirani badala ya kuacha. Wa singeli ajaribu mchiriku wa Jagwa Music, biti ni za kasi lakini kinanda kinapigwa na mtu aliye hai pale. Wa taarab ajaribu Jahazi, kundi la taarab ya kisasa, biti ipo ya kutosha na mipasho haihitaji mkalimani.